MREJESHO: Mkataba wa programu ya betri za wavuvi wa dagaa

Wakuu, nimerudi. Mwezi uliopita niliomba ushauri: tunakodisha betri na taa za sola kwa wavuvi wa dagaa hapa Igombe, na msambazaji wa nje alitaka tusaini mkataba wa programu inayofungua na kufunga betri kwa mbali. Mkaniambia nisisaini bila wakili anayejua mikataba ya teknolojia. Nimempata, hapahapa Mwanza.

Bei hakuigusa kwanza. Alikwenda moja kwa moja kipengele cha 14, akakipigia mstari kwa kalamu nyekundu: tukigombana, msambazaji anaweza kuzima mfumo wote siku hiyohiyo. Akaniuliza, "Mitumbwi ikiwa ziwani usiku, nani atawasha taa?" Nilikosa jibu.

Sasa wamekubali notisi ya siku 30, na msimbo chanzo (maandishi yanayounda programu yenyewe) utahifadhiwa kwa mtu wa tatu, wakifilisika tunaupata. Taarifa za wateja zinabaki mikononi mwetu, maana Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inatubana sisi tunaozikusanya. Kwenye usuluhishi wa migogoro bado wanang'ang'ania ufanyike London. Hapo sijakubali, tunakaa tena Alhamisi.

Asanteni sana ndugu zangu, mmeniokoa.