Printa za hospitali: leza, tangi la wino au mashine za kukodi?

MtuWaJinja
Wakuu, salaam. Hospitali yetu ni ya kanisa, si ya serikali, na bodi inakaa Ijumaa kuamua kuhusu printa. Sasa hivi kila ofisi imejinunulia yake. Zilizo mezani: leza mpya, za tangi la wino kama EcoTank, au kukodi mashine kubwa chache za fotokopi na kulipa kwa ukurasa. Mkurugenzi anataka gharama ishuke, siri za wagonjwa zisivuje, taka zipungue. Nichukue ipi?

FundiKasirye
Ssebo, tutakujibuje? Kurasa ngapi kwa mwezi? Rangi au nyeusi tupu? Umeme ukikatika mnategemea jenereta au sola? Usipotaja hayo kila mtu atakupigia debe printa yake.

MamaStoo_Mbale
EcoTank, basi. Unajaza kwa chupa, hakuna makasha ya kutupa, na haichemshi kitu wakati wa kuchapa, hivyo sola ya kliniki yetu inaimudu.

FundiKasirye
Nilisema mimi! Wino wa modeli nyingi ni wa maji, mama. Mgonjwa abebe majibu kwenye boda mvua ikinyesha, akifika hayasomeki. Leza ni unga unaoyeyushwa ukashika karatasi. Ila wakati wa kupasha inavuta umeme kwa mkupuo, msiichomeke kwenye UPS (betri ya akiba) ndogo, itazima pamoja na kompyuta ya mapokezi. Mimi ningechukua Kyocera Ecosys: ngoma yake, ile silinda inayopaka unga kwenye karatasi, hudumu; unabadilisha tona (unga) peke yake.

MamaStoo_Mbale
Kuna EcoTank zenye wino mweusi wa pigimenti, hauchuruziki. Soma kwanza, mwanangu.

DadaRekodi
Kabla hamjasaini mkataba wa kukodi, nisikilizeni. Hospitali niliyofanya kazi zamani ilikodi mashine moja kubwa, ikawekwa kwenye korido ili wodi zote ziitumie. Nesi anabofya kuchapa, anaitwa kwa mgonjwa, karatasi inabaki kwenye trei. Siku moja jamaa alikuja kuchukua bili ya mjomba wake, akakusanya kila kilichokuwepo, akaondoka nacho. Ndani yake kulikuwa na majibu ya VVU ya jirani yake wa kijijini. Mnajua kijiji. Yule jirani hakurudi kliniki tena, na dawa zake hakuna aliyejua anachukulia wapi. Mkataba ulipoisha, fundi wa kampuni akaja na pikapu kuchukua mashine. Nikamuuliza diski ya ndani itafutwa na nani. Akaniuliza, "Diski gani?" Mashine hizo nyingi zina diski inayohifadhi picha ya unachonakili! Marekani, mwaka 2013, Affinity Health Plan ililipa zaidi ya dola milioni 1.2 kwa kurudisha mashine za kukodi bila kufuta diski. Na sisi Uganda tuna sheria ya ulinzi wa data ya 2019. Takeni mashine inayotoa karatasi pale tu mtu anapobonyeza PIN yake, na mkataba useme diski inafutwa mbele yenu.

Kingine: mkataba wetu ulikuwa na kiwango cha chini cha kurasa. Tusipochapa, tunalipa.

Bwino256
PIN ni ya matajiri. Jazeni tona upya Nasser Road, mtaa wa wachapaji Kampala, mtaokoa hela.

FundiKasirye
Muhuri wa kasha lililojazwa upya uvuje, unga mweusi utapakaa mashine nzima. Utarudi kwangu tu.

DaktariArua
Nusu ya mnachochapa hakihitajiki. Sisi majibu ya maabara tunayasoma kwenye skrini, kwa UgandaEMR, programu ya rekodi za wagonjwa, haina leseni ya kulipia, na seva iko hapa hapa, hivyo intaneti ikikata kazi inaendelea.

Bwino256
Mgonjwa akihamia hospitali nyingine ataonyesha nini, daktari? Skrini?

DaktariArua
Kitabu chake cha mazoezi, lile daftari la shule anamoandikiwa matibabu, kama siku zote. Hilo ndilo faila la taifa.

MamaStoo_Mbale
Na wengine wanang'oa kurasa kuwashia sigiri! Mama mmoja kaja na jalada tupu.

DadaRekodi
Heri huyo. Mimi nimeletewa kitabu kimoja cha watoto watatu, hesabu za darasa la nne mbele, malaria nyuma.

MtuWaJinja
Asanteni wote. Idadi ya kurasa siijui, mhasibu ana risiti za rimu tu. Rangi wanaitaka watu wa ultrasaundi.

FundiKasirye
Ultrasaundi kwa kawaida ina kiprinta chake cha karatasi ya joto, usiihesabu. Karibu kila printa ya leza ya ofisi ina ripoti inayoonyesha jumla ya kurasa ilizochapa tangu itoke kiwandani. Ichape leo, ichape tena mwisho wa mwezi, toa ya kwanza kwenye ya pili. Ndipo tuzungumze bei.

MtuWaJinja
Bodi ni Ijumaa, mkuu. Na stoo imejaa tona za mashine zilizokufa, watauliza.

Bwino256
Kuna HP 85A humo? Nazichukua zote, cash.

MtuWaJinja
Zipo. Andika barua kwa msimamizi, ni mali ya dayosisi.

Bwino256
Barua niichapie wapi sasa 😂