Tanga mjini: picha za kanga kambani, mabaraza na uani, nipeni maujanja

Mtembezi_Pwani
Wakuu, nina siku 2 Tanga. Majengo ya Mjerumani yamepigwa picha ya kutosha. Nataka vitu vya nyumbani: kanga zilizoanikwa, mbuzi ya nazi, ufagio wa chelewa, asumini kwenye kopo. Natumia simu. Nipite wapi, saa ngapi, na mbona kanga zangu zinatoka zimepauka?

Bint_Ngamiani
Anzia Ngamiani, kwenye barabara za namba. Ila jua kwanza nyumba ya Kiswahili ilivyokaa: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, uani nyuma. Hivyo unavyovitaka karibu vyote viko uani, ndiyo maana wageni huishia kupiga picha za milango.

Pita vichochoroni kuanzia saa 12:30 hadi 1:30 asubuhi, na utazame chini. Mchanga ukishanyunyizwa maji na kufagiwa, chelewa huacha mistari ya mapinde, upinde juu ya upinde. Jua likiwa chini bado, kila mstari una kivuli chake. Chuchumaa, simu iwe usawa wa goti, uelekee jua linakotoka. Ukipiga umesimama mistari haionekani. Usichelewe, ikifika saa 3 kuku na watoto wameshaivuruga yote.

Fundi_Mwanga
Kanga hazina kosa, simu ndiyo inadanganyika. Chini ya bati la baraza pana kivuli kizito. Simu inapima kile kivuli, inaongeza mwanga, kitambaa kilicho juani kinaungua. Gusa kanga yenyewe kwenye skrini, shikilia kidole mpaka kipimo cha mwanga kijifunge, halafu telezesha chini mwanga upungue. Picha yenye giza kidogo inarekebishika baadaye, iliyoungua ndiyo basi. Ukuta wa chokaa ni kinyume chake: simu inaufanya kijivu, pandisha kidogo.

Rangi huwaka jua likiwa nyuma ya kitambaa. Lakini angalia jina, yaani maneno ya kanga: liko sehemu ya chini ya mji (eneo la katikati la kanga), juu ya pindo, kwa hiyo kanga ikining'inizwa nusu kwa nusu linasomeka upande mmoja tu. Zunguka. Na wengi hugeuza upande wa ndani uwe nje ili jua lisichujue rangi, hapo maandishi yatakuwa kinyume, huna la kufanya. Jina lisome kabla hujairusha mtandaoni. Kanga nyingine ni vijembe vitupu, mtu atadhani umemlenga yeye.

Saa 5 hadi saa 9 achana na kamba. Mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri hapa hupita utosini kabisa, vitu havina kivuli. Ingia mabarazani.

Mkazi_wa_Makorora
Dada hapo juu kasema vichochoroni, mimi naongeza: si vyote ni njia. Kingine unakuta ni uani kwa watu. Piga hodi, usubiri. Kwa mtu mzima shikamoo kwanza, kisha utaje kitu chenyewe: "Mama, naomba nipige ile mbuzi pale ukutani, watu sitawapiga." Ukiomba "kupiga picha" tu utakataliwa, maana hajui unachotaka. Nguo za ndani, watoto, na chumba kilichofunuliwa pazia na upepo, hivyo viache. Simu usiielekeze bandarini wala kituo cha polisi.

Mtembezi_Pwani
Nashukuru. Na mvuke wa vitumbua? Kwangu hauonekani kabisa.

Fundi_Mwanga
Unapiga jua likiwa mgongoni kwako. Hamia upande wa pili, karai liwe kati yako na jua, na nyuma yake pawe peusi, kama mlango ulio wazi. Kaa mbali kidogo, mafuta yakirukia kioo cha kamera kila taa itakuwa na ukungu. Ukitoka chumba chenye kiyoyozi nako ni hivyohivyo, subiri kama dakika 10 kioo kipate joto. Ukikifuta mapema ukungu unarudi. Na nunua vitumbua, bwana, usisimame tu hapo.