Kioo cha laptop iliyokufa: naweza kukifanya skrini ya mteja?

stenshenari_mwanga: Wakuu, habari za jioni. Nina stenshenari ndogo hapa Mwanga, Kigoma. Wengi huja kujaziwa fomu, na ili waone jina limeandikwaje inabidi wainame begani kwangu. Juzi mzee mmoja wa Ujiji fomu ya mwanawe ilitoka na herufi moja imekosewa, akalazimika kurudi. Iliniuma sana. Ninayo laptop ya inchi 15.6, mazabodi imekufa ila kioo kizima. Nataka kimwelekee mteja. Nichomeke HDMI, ule waya wa picha wa kompyuta, moja kwa moja?

fundi_waya: Haiwezekani mkuu. Kioo cha laptop hakielewi HDMI. Kinapokea ishara za aina nyingine, LVDS, au eDP kwa laptop za karibuni. Katikati lazima iwepo bodi ya kontrola, ya kugeuza HDMI iwe ishara ambayo kioo kinaielewa. Kifungue, soma stika ya nyuma, tuwekee namba yote.

stenshenari_mwanga: B156XW02. Soketi ina pini nyembamba kama meno ya kitana.

fundi_waya: Hiyo ni LVDS ya pini 40, pikseli 1366 kwa 768, na taa zake ni LED. Muuzaji wa bodi mpe namba hiyo akuwekee programu na waya vya kioo hicho hicho. Halafu kwenye bodi kuna jampa, kile kipande kidogo cha kuchagua volti ya kioo: chako kinataka 3.3. Ukiikuta kwenye 5 au 12, ihamishe kabla hujawasha. Mimi niliunguza kimoja kwa kutoiangalia, na hakikuwa changu, kilikuwa cha mteja.

kibirizi_sola: Bodi nyingi za hivyo hula volti 12, utatamani kuunga kwenye betri ya sola. Usiunge hivi hivi. Betri ikichajiwa hupita volti 14. Weka kirekebisha volti kitoe 12 kamili.

dada_wa_kaunta: Kaka, mimi nakuomba moja. Ukishaunga, bonyeza Windows na P, chagua kutanua (Extend), usichague kurudufu (Duplicate). Ukirudufu, mteja ataona kila unachofungua, hadi vyeti vya aliyemtangulia. Ukitanua, unamsogezea fomu yake tu. Na kioo usikiache uchi, ni chembamba, kidole kikikandamiza kinapasuka.

stenshenari_mwanga: Asanteni sana. Hilo la vyeti sikuwa nimelifikiria kabisa, dada. Kifuniko cha laptop nilitaka kukitupa, sasa nakirudishia kioo ndani yake. Bodi naagiza Dar kesho asubuhi.