Mama ana magoti mabovu, mimi natapika baharini: tuchukue chumba gani melini?

Binti wa Tatu

Habari zenu wote. Naomba ushauri wa watu waliowahi kulala melini usiku kadhaa, maana wanaonishauri huku nyumbani wamepanda vivuko tu.

Mimi na mama tunasafiri kwa meli kubwa ya kitalii, usiku saba. Mama ana miaka 72. Magoti yake hayavumilii mwendo mrefu, na usiku huamka mara mbili tatu. Mimi nina tatizo la bahari tangu utotoni: chombo kikianza tu kwenda mrama, tumbo linachafuka na jasho jembamba linanitoka. Mama ameitamani safari hii tangu baba alipofariki, na sitaki aimalize akinishikia ndoo.

Wakala ametupa vyumba vitatu na tunatakiwa kujibu kabla ya Ijumaa. Cha kwanza kiko sitaha ya 11, mbele kabisa upande wa omo, kina roshani ya peke yetu. Mama ameziona picha zake na moyo wake uko huko. Cha pili kiko sitaha ya 5, katikati ya meli, kina dirisha pana na ni mlango wa sita kutoka kwenye lifti. Cha tatu ni cha ndani, hakina dirisha, na hatutajua kiko wapi mpaka siku chache kabla ya kuondoka, kwa sababu kampuni ndiyo itakayotupangia. Hicho ndicho rahisi kuliko vyote.

Nimeitazama ramani ya meli mpaka macho yanauma. Kila chumba ni kiboksi kilekile chenye namba. Ninyi mnatazama nini mnapochagua?

Mlala Mwepesi

Pole kwa msiba wa baba, dada. Nakujibu kwa sababu mimi nilichagua vibaya, na ningependa mama asiyapate niliyoyapata.

Chumba changu kilikuwa kizuri sana. Roshani, kitanda kikubwa, kila kitu kipya. Nisichokitazama ni kilichokuwa juu yangu. Juu ya dari yangu palikuwa na sitaha ya bwawa la kuogelea. Kila alfajiri, kabla ya saa kumi na moja, wafanyakazi walianza kupanga viti vya kulalia. Kiti kinaburutwa, kinatulia, kinaburutwa kingine. Viti mia kadhaa! Usiku wa tatu nilishuka mapokezi kuomba kuhamishwa, nikaambiwa kwa upole kwamba meli imejaa. Nilirudi nyumbani nimechoka kuliko nilivyoondoka.

Kwa hiyo fungua ramani ya sitaha ya 12 na ya 10, uziweke juu na chini ya hiyo ya 11, uone kiboksi chako kimekaa kati ya nini na nini. Kikiwa na vyumba vya kulala juu yake na vyumba vya kulala chini yake, umepata utulivu. Kikiwa chini ya bwawa, jiko, mkahawa au uwanja wa mazoezi, au juu ya ukumbi wa muziki, achana nacho hata kikiwa na roshani mbili. Na sehemu nyeupe isiyoandikwa kitu kwenye ramani usidhani ni patupu. Mara nyingi ndipo penye stoo na njia za wafanyakazi, na milango yake hufungwa kwa kishindo.

Baharia Mstaafu

Mwanangu Binti wa Tatu, nimefanya kazi kwenye meli za mizigo na za abiria kwa miaka mingi, na hilo la kutapika nalijua kwa mwili wangu mwenyewe. Mabaharia wengi tunalo na hatulisemi.

Fikiria ubao mrefu uliolazwa juu ya gogo, watoto wanabembea huku na huku. Aliyeketi nchani hurushwa juu na kubwagwa chini. Aliyeketi juu ya gogo anatikisika kidogo tu. Meli ikikutana na mawimbi ya mbele, omo inapanda na kutumbukia, tezi huko nyuma nayo inafanya hivyo kinyume chake, na katikati panabaki na utulivu. Mchezo wa pili ni wa ubavu kwa ubavu. Hapo ifikirie kama mlingoti: shina linasogea kidogo, kilele kinachora upinde angani. Kadiri unavyolala juu ndivyo unavyosafirishwa mbali zaidi kila meli inapolala na kuinuka.

Chumba cha sitaha ya 11 kwenye omo kimekusanya yote mawili: ni ncha ya ubao na ni kilele cha mlingoti. Kwa mtu mwenye tumbo lako sikishauri hata kidogo. Mwendo unaochafua tumbo zaidi ni ule wa kupanda na kushuka polepole, unaojirudia kila baada ya sekunde tano hivi, na huko mbele ndiko utakakoupata ukiwa kitandani.

Watakuambia meli za kisasa zina mapezi. Ni kweli. Nyingi zina mapezi yanayochomoza chini ya maji, kushoto na kulia, nayo yanapunguza sana ule mrama wa ubavu. Lakini hayazuii omo kupanda na kutumbukia, na yanahitaji meli iwe na mwendo ndipo yafanye kazi vizuri.

Omo ina kelele zake pia. Minyororo ya nanga iko huko. Kuna vilevile mapanga ya ubavuni, yanayozunguka ndani ya maji na kuisukuma meli kando inapokaribia gati, na kazi hiyo kwa kawaida hufanyika alfajiri, abiria wakiwa wamelala. Chumba cha chini mbele huyasikia kama lori linalonguruma ndani ya ukuta.

Wazee wetu waliosafiri kwa majahazi waliacha usemi kwamba kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Walikuwa na maana zao pana, ila mimi kila nikiulizwa habari ya vyumba naukumbuka kwa maana yake ya wazi kabisa: ukishatembea mbele na nyuma, mwili unarudi kutafuta pale katikati, chini. Chukua sitaha ya 5.

Roshani ya Nyuma

Shikamoo mzee. Nakubali kuhusu omo, lakini naomba nimtetee mama yake, maana naona roshani inazikwa haraka.

Mimi na mume wangu hulala nyuma kabisa, kwenye tezi, roshani ikitazama mkondo mweupe unaoachwa na meli. Asubuhi tunakaa pale saa nzima bila kusemezana. Upepo hauko mkali kama ule wa roshani za mbele, kwa sababu meli yenyewe inaukinga. Kwetu sisi hicho ndicho kisa cha kusafiri. Mtu aliyemzika mwenzake huenda anahitaji mahali pa kukaa peke yake na maji kuliko anavyohitaji lifti. Nimesema hivyo kwa upendo.

Kasoro za nyuma zipo, sitazificha. Meli ikikaza mwendo, mtetemo wa mapanga yanayoiendesha meli unaufikia mto wa kulalia, hasa sitaha za chini. Safari moja tulikuta vumbi jeusi la bomba la moshi kwenye viti. Na kutembea ni kwingi. Je, wakala hana roshani ya katikati?

Mhudumu wa Zamani

Niliwahi kutandika vitanda melini kwa miaka sita, vyumba kumi na saba kila siku, kwa hiyo nizungumzie magoti ya mama.

Meli kubwa za siku hizi zinapita mita 300. Icon of the Seas, iliyoanza safari zake mwaka 2024, ina urefu wa mita 365 hivi. Ukipewa chumba cha mwishoni, mama atatembea ujia mrefu kwenda kula, kurudi, kwenda kutazama maonyesho, kurudi, na akisahau miwani, mara nyingine tena. Niliwaona wazee wengi ambao siku ya nne walikuwa wameacha kutoka vyumbani, ingawa meli ilikuwa imewapendeza. Miguu ilikuwa imekataa.

Mlango wa sita kutoka kwenye lifti ni umbali mzuri. Chumba kinachopakana na lifti kabisa ndicho kibaya, kwa sababu watu wanaongoja lifti huzungumza kwa sauti hata saa nane za usiku. Ila mwulize wakala mambo mawili. Kwanza, kama kuna mlango wa ndani unaounganisha chumba chenu na cha jirani. Mlango huo hauzuii sauti kama ukuta, utasikia kikohozi cha jirani na simu yake. Kwenye ramani huwa na alama yake ndogo kati ya vyumba viwili. Pili, kama dirisha limezibwa na boti za uokozi. Chumba kinaweza kuuzwa kama chenye dirisha, ukifungua pazia unakutana na tumbo la boti la rangi ya machungwa.

Kwa kuwa mama huamka usiku, tazama pia kizingiti cha bafu. Vyumba vingi vina kizingiti kilichoinuka, kazi yake ni kuzuia maji yasitoke, na kwa mtu mwenye usingizi na magoti mabovu ni hatari. Vipo vyumba vilivyotengenezwa kwa watu wenye shida ya kutembea: mlango mpana, bafu lisilo na kizingiti, vyuma vya kushikia. Ni vichache na huwekewa wanaovihitaji kweli. Kama magoti ya mama yamefika huko, sema sasa hivi, usingoje. Kama hayajafika, chukueni taa ndogo ya usiku ya betri.

Binti wa Tatu

Nimewasoma wote mara mbili. Asanteni sana, na shikamoo mzee.

Nimefanya kama alivyosema Mlala Mwepesi. Juu ya kile cha sitaha ya 11 kuna mkahawa wa kujihudumia! Wakala hakulitaja hilo. Cha sitaha ya 5 kina vyumba vya kulala juu, na chini yake kuna vyumba vya kulala vilevile. Hakina mlango wa kuunganisha. Boti za uokozi ziko sitaha mbili juu yake, kwa hiyo dirisha liko wazi. Roshani za katikati zimekwisha.

Kuhusu maneno ya Roshani ya Nyuma, nilimsomea mama. Alinyamaza kidogo, akasema anachotaka ni kuyaona maji akiwa kitandani, si lazima atoke nje. Hilo sikulijua. Nilikuwa nabishana na roshani bila kumwuliza anaitakia nini.

Nina maswali mawili ya mwisho. Je, kile cha ndani kisicho na dirisha kingenidhuru? Na sitaha ya 5 si karibu mno na maji?

Baharia Mstaafu

Marahaba, mwanangu. Chumba cha ndani chenyewe hakina ubaya. Wapo wanaokipenda kwa giza lake, wanalala kama watoto. Kwa tumbo lako shida ni hii: sikio la ndani linahisi meli inasogea, jicho linaona ukuta umetulia, na ubongo unapokea habari mbili zinazopingana. Ukiwa na dirisha unautazama upeo wa bahari, jicho na sikio vinapatana. Zaidi ya hapo, ukikubali kupangiwa chumba, unaweza kupangiwa hukohuko omo tunakokukimbia. Kwa mtu asiyejali ni nafuu nzuri. Wewe unajali.

Sitaha ya 5 kwa meli kubwa kama hiyo ina nafasi ya kutosha juu ya maji. Kwenye sitaha za chini kabisa za abiria, bahari ikichafuka sana, mabaharia huweza kufunga vifuniko vya chuma kwenye madirisha ya duara, na hapo unabaki gizani. Umesema dirisha lako ni pana, kwa hiyo sidhani kama uko huko chini. Mwulize wakala tu umbo la dirisha.

Na hizo boti zilizopata lawama hapo juu, siku ya kwanza mtakapoitwa kwenye zoezi la usalama, mpeleke mama akazione zilipo na kituo chenu cha kukusanyika. Baada ya Titanic kuzama mwaka 1912 bila nafasi za boti za kuwatosha waliokuwemo, mataifa yalikutana London, na mwaka 1914 yakaafikiana mkataba wa kwanza wa usalama wa maisha baharini. Kwa mwendo wa mama, ni vizuri mjue njia ya kufika kituoni kwa ngazi, kwa sababu kwenye dharura lifti hazitumiki. Kutoka sitaha ya 5 huenda ni ghorofa moja au mbili tu. Kutoka ya 11 ni safari.

Dawa ya tumbo mwulize daktari kabla ya kuondoka, na unywe kabla meli haijaanza kucheza. Ukishaanza kutapika umechelewa.

Mlala Mwepesi

Nafurahi kwa ajili yenu, dada. Huo mkahawa juu ya dari ungekuwa viti vyangu vilevile.

Binti wa Tatu

Nimepiga simu. Sitaha ya 5, katikati, dirisha ni la mstatili na upana wake unakaribia wa kitanda. Nimemwomba wakala aandike kwenye nafasi yetu kwamba vitanda vitenganishwe, cha mama kiwe cha upande wa dirisha. Amesema inawezekana. Mama ameuliza swali moja tu: dirisha hilo linafunguka?

Mhudumu wa Zamani

Halifunguki, mpe pole. Lakini mwambie amwombe mhudumu wa chumba alifute kwa ndani kila asubuhi. Upande wa nje mabaharia huosha meli inapokuwa bandarini. Mimi nilikuwa na mama mmoja aliyekuwa akiniomba hivyo, na chumba chake nilikianza kabla ya vyote, ili jua likichomoza kioo kiwe safi.