Kuni za mviringo: zitahimili mvua za Pemba?

BintiWete: Asalaam aleikum. Mimi napika shughuli hapa Wete, ua wangu umejaa kuni: mkarafuu, mwembe, mfenesi. Ua huo huo tunafanyia harusi ya mdogo wangu, na pa kuzihamishia sina. Nimeona picha za Ujerumani, kuni zimepangwa duara hadi juu kama kibanda. Nimezipenda mno! Zinapangwaje? Na mvua za vuli, na mchwa?

FundiChokaa: Waaleikum salaam, dada. Mimi nimekulia kwenye tanuri la chokaa, Unguja, na duara hilo nalijua. Nasi hulaza magogo mviringo, katikati tukaacha tundu la moto, mawe ya matumbawe yakakaa juu. Ila sisi twapanga tuchome, wao wapanga zikauke.

Tandika mawe kwanza, kuni zisiguse udongo. Mchwa hupandia hapo. Chomeka kijiti katikati, funga kamba, chora duara la upana wa mita 2 hivi. Ukingoni laza safu moja ya kuni zikifuata mstari wa duara. Juu yake panga nyengine, ncha moja ikae juu ya zile za ukingoni, ncha ya pili ielekee katikati. Hapo kila kuni inainamia ndani, na ndiyo nguvu yote ya rundo. Ukiona mwinamo umepotea, laza tena safu ya ukingoni. Usione uvivu hapa, wengi huangusha rundo kwa kuiruka. Zilizopinda na zenye mafundo zisimamishe katikati. Safu ya juu kabisa magome yaelekee juu, yapandane, maji yateleze. Turubai lisishuke mpaka chini, kuni zitavunda.

UmmuKojani: Shoga, usisahau rangi! Mfenesi ni wa manjano, mkate kwa msumeno si kwa shoka, ncha zitoke laini. Zipange upande wa mlangoni zitoe umbo la mwezi mchanga, kandokando uweke kuni nyeusinyeusi. Lakini kata siku chache kabla ya harusi, manjano yake yakipigwa na jua hugeuka kahawia.

BintiWete: Mashallah, nawashukuruni sana. Siku ya biriani nitazitoaje bila ya kuharibu mwezi wangu?

FundiChokaa: Anzia juu, zunguka duara zima, ushuke safu kwa safu. Usichomoe ubavuni hata moja. Na watoto wasipande.