Naomba ushauri: modeli ya siziamu kwenye udongo wa luseni na wa mbuga

Wakuu, habari za jioni. Niko Mwanza, naandika tasnifu ya uzamili kuhusu siziamu-137, elementi yenye mnururisho, inavyoshuka ardhini baada ya ajali ya nyuklia. Hupungua nusu kila miaka 30 hivi, na hung'ang'ania udongo wa mfinyanzi. Vipimo ninavyotegemea ni vya Chernobyl 1986 na Fukushima 2011. Huku kwetu luseni, yaani udongo wa kichanga wa mlimani, ukiimwagia maji yanazama papo hapo. Mbuga, yaani udongo mweusi wa mfinyanzi, ikikauka inapasuka nyufa za kumeza mkono mzima. Mlinganyo wangu hauzitambui nyufa hizo, na hapo ndipo ninapokosa usingizi. Nitenganishe njia mbili, ya nyufa na ya udongo wenyewe, au niongeze tu kasi ya kushuka? Aliyewahi kuifanya kazi hii anisaidie, tafadhali.