Mkanda unalia, fundi anauza mkanda: mchezo huu utaisha lini?

Wakuu, hasira hizi zimekaa kifuani siku nyingi, acha nizitue hapa.

Gari linaingia gereji likipiga kelele mbele ya injini. Fundi anafungua boneti, anasikiliza sekunde mbili, hukumu imetoka: "Feni belti imekwisha." Mkanda unabadilishwa. Wiki mbili hazijaisha kelele imerudi, na jibu liko tayari mdomoni: "Ule ulikuwa feki, tutafute orijino." Mkanda wa tatu unafungwa na bado hakuna aliyezungusha hata puli moja kwa mkono!

Feni belti ni mkanda mmoja wa mistari unaotoka puli ya krenki (shafti kuu ya injini) na kuzungusha alteneta inayochaji betri, kompresa ya AC, pampu ya stelingi, na kwenye injini nyingi pampu ya maji. Katikati kuna puli laini za kuongoza na tenshena ya kuukaza. Beringi moja ikikwama au puli moja ikipinda, anayelia ni mkanda, lakini anayemfinya ni mwingine. Ukimbadilisha anayelia ukamwacha anayefinya, umefanya kazi gani?

Halafu mpo ninyi wa sabuni, mshumaa na dawa ya kupuliza. Dawa ile inanata, inakusanya vumbi, inaharibu mpira, na kibaya zaidi inaficha ushahidi. Mtu akija baada yako hawezi kupima chochote mpaka ang'oe mkanda na kusafisha mifereji ya kila puli.

Kipimo chenyewe hakihitaji mashine. Injini ikiwa sailensa, yaani inanguruma bila kukanyagwa mafuta, chukua chupa ya kupuliza yenye maji matupu, simama pembeni, mikono ya shati usiiache ikining'inia, kisha lowesha kidogo upande wenye mistari. Mlio wa kukatikakatika kama kifaranga ukinyamaza kisha ukarudi mkanda ukikauka, puli hazijakaa kwenye mstari mmoja. Kelele ikizidi, mkanda unateleza: mara nyingi tenshena imechoka au kuna puli ngumu. Hayo ni majibu mawili tofauti yenye dawa mbili tofauti, na hakuna hata moja inayoanza na "leta mkanda mpya".

Tenshena ndiyo inayodhulumiwa kuliko vyote. Ina springi ndani, na ina kizuizi cha msuguano kinachouzuia mkono wake usichezecheze. Itazame injini ikiwa sailensa na AC imewashwa: mkono utikisike kidogo tu. Ukirukaruka kama kuku aliyechinjwa, kizuizi kimekwisha, hata kama springi bado ina nguvu. Zima injini, usukume kwa spana mpaka mwisho na kuurudisha polepole. Ukikwaruza au ukakwama njiani, badilisha. Ukiing'oa tenshena uwe mwangalifu, kwani baadhi ya tenshena zina bolti ya uzi wa kushoto, na watu wanazikata kwa kufungua upande usio wake.

Mkanda ukishatoka, zungusha kila puli. Yenye mchanga ndani utaihisi vidoleni. Ila ile inayozunguka muda mrefu kwa mlio mkavu, ambayo wengi wanaisifu kuwa "iko laini", imeishiwa grisi. Puli mpya inazunguka kwa ukimya na kusimama mapema.

Na wauza spea, msijifiche. 6PK2100 si namba ya mapambo: mistari 6, aina ya PK, urefu milimita 2100. Mnamwambia mteja "huu umezidi kidogo tu, utakaa." Utakaa, ndiyo, lakini mkono wa tenshena utaishia nje ya alama zake na hautakuwa na nafasi ya kukaza mkanda ukivutika.

Hoja ya "hauna nyufa, bado mzima" nayo ife. Mikanda ya zamani ya mpira wa neoprini ilikuwa ikipasuka. Mingi ya sasa ni ya mpira wa aina nyingine, EPDM. Hiyo huliwa polepole kama tairi, mistari inapungua na mifereji inapanuka. Mkanda unashika kwa kujikaza ubavuni mwa mfereji kama kabari. Ncha za puli zikianza kugusa sakafu ya mkanda, kabari haipo tena na mkanda utateleza hata ukikazwa vipi. Tumieni kigeji cha mistari, acheni kuhesabu nyufa.

— Jibu la 1

Mleta uzi, umesahau puli ya alteneta yenye kuachia. Krenki haizunguki sawasawa: kila silinda ikiwaka inaruka mbele, kisha inapunguza. Alteneta inazunguka karibu mara 3 ya krenki na rota yake ni nzito, haiwezi kufuata mkurupuko huo. Ndiyo maana ikawekwa puli inayokamata upande mmoja na kuachia upande wa pili. Mafundi wanaona bei, wanafunga ya chuma tupu, halafu wanashangaa tenshena inakufa mapema, hasa kwenye dizeli. Ipime kwa zana yake: ikikamata pande zote mbili imeganda, ikiachia pande zote mbili, alteneta haichaji kabisa.

— Jibu la 2

Naongeza puli ya krenki. Nyingi zina mpira kati ya kitovu na ringi ya nje. Mpira ukiachia, ringi inayumba na mkanda unatembea pembeni. Piga mstari wa chaki kutoka kitovu hadi ringi, washa gari, zima, tazama. Mstari ukivunjika, hamna mjadala.

Na ukiona oili au kulanti (maji ya kupoza injini) kwenye mkanda, tafuta panapovuja kwanza. Mpya utalowa vilevile. Mkanda uliolowa oili huvimba na kuchanika nyuzi, na kwenye baadhi ya injini nyuzi hizo huvutwa nyuma ya puli ya krenki, zikapenya sili na kuingia kwenye taimingi, mfumo unaopanga valvu zifunguke lini. Hapo si suala la mkanda tena, ni valvu kugongana na pistoni.

Ukifunga, hakikisha upande wa mistari uko kwenye puli za mifereji na mgongo kwenye zile laini. Ukikosea njia, pampu ya maji inaweza kuzunguka kinyume na injini ikachemka. Zungusha krenki kwa spana raundi mbili, kagua kila puli kama kuna mstari uliobaki nje, ndipo uwashe.